Kuzimia na Kurukwa na Akili: Historia ya Fahamu Katika Milima ya Usambara

Mwaka 1897 watawa wa Kitrapisti kutoka Mariannhill, Afrika Kusini, walifungua misheni yao Gare, katika Usambara Magharibi. Mwaka mmoja kabla yake, upande wa kusini wa milima hiyohiyo, mahali paitwapo Lutindi, Waprotestanti wa Kijerumani walikuwa wamefungua makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Makundi hayo mawili yalitofautiana katika mengi ya dini, ila yote yalifundisha kwamba binadamu ana roho isiyokufa ambayo si nyama wala mifupa. Mwanzoni mwa karne ya 20, kati ya 1904 na 1905, idadi ya watoto waliokombolewa ikiwa inapungua, Lutindi ikaanza kupokea watu waliovurugikiwa na akili, ikawa hospitali ya kwanza ya aina yake katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yaliyotendeka Gare na Lutindi, pamoja na yale yaliyokuwa yakitendwa na waganga wa Kisambaa muda mrefu kabla Mzungu hajapanda milima hiyo, yanatoa ushahidi mzito juu ya swali ambalo kwa kawaida huachiwa wanafalsafa: je, fahamu, yaani ile hali ya mtu kuwa macho, kuhisi, kukumbuka na kujijua kuwa yeye ni yeye, inaweza kuelezwa kuwa ni mchakato wa mwili? Jibu langu ni kwamba inaweza. Na historia inatuonyesha pia kwa nini maelezo ya namna hiyo yaliwahi kwenda kombo vibaya sana katika sehemu hizi za dunia.

Kiswahili chenyewe kimebeba nadharia mbili zinazoshindana, nasi huzitumia zote mbili kwa siku moja bila kujali. Tunasema mtu amerukwa na akili, kana kwamba akili ni kitu chenye mabawa kilichotua juu ya mtu kisha kikaondoka. Tunasema pia mtu amezimia, na neno hilo limetoka katika kuzima, kitendo cha moto. Moto si kitu kilichokaa ndani ya kuni kikisubiri kutoka. Ni jambo linalotokea kuni zikiwa kavu, hewa ikipita na joto likitosha, na unapozimika hakuna anayeuliza umehamia mji gani. Tena lipo neno nusukaputi, la dawa ya usingizi wa kupasuliwa, ambalo nusu yake ya pili tumeipata kwa Wajerumani: mgonjwa ameharibika nusu, atarudi. Tangu 1846, etha ilipotumiwa hadharani Boston kumlaza mgonjwa wa upasuaji, imejulikana kwamba mvuke unaovutwa puani unaweza kuizima fahamu yote na kuiacha irudi mvuke ukiisha mwilini. Jambo hilo peke yake halimalizi hoja, kwa kuwa mtu anaweza kusema mvuke umefunga mlango tu na roho imesubiri nje. Lakini linampa mzigo anayetetea nadharia ya kitu chenye mabawa: aeleze kwa nini kitu kisicho cha mwili kinasimamishwa na kipimo cha dawa, na kwa nini kipimo kikizidi kidogo kinasimama kwa muda mrefu zaidi.

Waganga wa Kisambaa hawakuwahi kuutenga mwili na akili kwa ukuta. Anayesoma kazi za mwanahistoria Steven Feierman, aliyeanza utafiti wake Usambara katika miaka ya 1960, anakuta ulimwengu ambamo swali la kwanza juu ya maradhi lilikuwa chanzo chake: ni ugonjwa wa Mungu, uliokuja wenyewe kama mvua inavyokuja, au ni ugonjwa wa mkono wa mtu, uliotokana na husuda, deni, au ugomvi wa ndugu? Mtu aliyeanza kusema peke yake au kukimbilia porini angeweza kuwekwa upande huu au ule, na jamaa zake ndio waliokaa kuamua apelekwe kwa nani. Wazo likishindwa walijaribu jingine, na hospitali ilipokuja iliingizwa katika orodha hiyohiyo bila mtu kuona kwamba anajipinga. Jambo linalohusu hoja yetu ni kwamba katika pande zote mbili tiba ilipitia mwilini: mizizi iliyochemshwa, majani ya kufukizwa, chale zilizopakwa dawa, miiko ya chakula. Hata pale chanzo kilipodhaniwa kuwa nia ya mtu mwingine, nia hiyo iliaminika kufanya kazi kwa kitu kilichozikwa, kilicholiwa au kilichoguswa. Sisemi kwamba waganga walikuwa wanasayansi wa neva waliotangulia wakati wao. Dawa zao nyingi hazikuponya kifafa, na tuhuma za uchawi ziliwavunja watu wasio na hatia. Ninachosema ni kwamba wazo la akili kuelea bila mwili lilikuwa geni kwao. Lilipanda mlima pamoja na misheni, tena hata misheni yenyewe haikuliishi.

Tuwatazame Watrapisti. Ni watawa wa ukimya na wa jembe, na kanuni yao ya kale inaamuru sala na kazi za mikono kwa saa zilizopangwa. Hawakuiweka kazi hiyo kwa ajili ya chakula peke yake. Waliamini kwamba mikono ikikaa bure nafsi inaharibika, na kwamba usingizi uliopimwa, mfungo na jasho huunyoosha moyo. Hiyo ni nadharia ya mwili na akili iliyofichwa ndani ya ratiba. Lutindi ilifuata njia iyo hiyo kwa sababu nyingine. Misheni ya Kiprotestanti ya Usambara, iliyoanza Mlalo mwaka 1891, iliunganishwa na Bethel, karibu na Bielefeld, makao yaliyoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa na kuongozwa tangu 1872 na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Huko Bethel wagonjwa waliofichwa majumbani na familia zao walipewa mashamba, karakana na majina ya kazi. Mtindo huo ndio uliohamishiwa Lutindi: mgonjwa huamshwa kwa saa, hula kwa saa, hulima, hulala. Wengine walipata nafuu, wengine hawakupata. Mhudumu wa Lutindi angeulizwa akili ni nini, angejibu kwa maneno ya katekisimu. Kulipokucha, hata hivyo, alimkabidhi mgonjwa jembe na uji, kwa kuwa miaka ya Bethel ilikuwa imemfundisha kwamba fahamu iliyovurugika hutulia mwili unapopangiwa mwendo.

Si jambo dogo kwamba mizizi ya Lutindi iko katika nyumba ya kifafa. Hakuna ugonjwa uliokaa mpakani mwa roho na mwili kwa muda mrefu kuliko huu. Maandishi ya Kigiriki yanayohesabiwa kuwa ya Hippocrates yalikana zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba unatoka kwa miungu, yakautaja ubongo. Ukanusho huo haukuwafikia wengi, si Ulaya wala Afrika. Daktari Louise Jilek-Aall alipoanza kuwatibu wenye kifafa Mahenge, kusini mwa Tanganyika, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta Wapogoro wakiwatenga wagonjwa hao, wakiogopa mate na povu lao, wakiwapa vyombo vyao wenyewe vya kulia, na wengi wao wakiwa na makovu ya moto kwa sababu walianguka jikoni na hakuna aliyethubutu kuwashika. Aliwapa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu ambayo kazi yake ya kuzuia kifafa ilitambuliwa mwaka 1912. Kwa wengi, degedege zilipungua au zikakoma, watu waliokuwa wamekaa kimya kwa miaka wakarudi mashambani. Kwa kidonge kile jamaa hawakupata tu mtu asiyeanguka. Walimpata mtu anayekumbuka, anayefuatilia mazungumzo, anayecheka mahali pa kucheka.

Ushahidi mzito kuliko wote kwa Afrika Mashariki, naona, ni malale. Ugonjwa huo ulipolipuka kandokando ya ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya 20, uliua Uganda watu wanaokadiriwa kufika 250,000. Mwaka 1903 Aldo Castellani alivikuta vimelea katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa huko Entebbe, na David Bruce akaonyesha kwamba mbung'o ndiye anayevibeba. Robert Koch alipokuja kuuchunguza mwaka 1906 alianzia Amani, Usambara Mashariki, katika taasisi ya utafiti iliyokuwa na umri wa miaka minne tu, kabla ya kwenda visiwa vya Ssese. Malale hayaui kwa homa tu. Vimelea vikishaingia kwenye ubongo, usiku na mchana hubadilishana nafasi: mgonjwa hukesha gizani na kulala juani, tonge likiwa mkononi. Kisha tabia hugeuka. Mtu mpole huwa mkali, mwenye haya huvua nguo barazani, mzazi hawajali wanawe. Wengi wao kila mahali walidhaniwa kuwa wamerogwa au wamepata wazimu. Tafakari uzito wa jambo hili. Haikuguswa nguvu ya miguu au uwezo wa kuona tu. Iliguswa haya, iliguswa huruma, uliguswa upendo wa mama, mambo ambayo kila mhubiri angeyaweka katika roho, na kilichoyagusa ni kiumbe kisichoonekana kwa macho, kilichoingizwa kwa kuumwa na nzi. Dawa ya Koch, atoksili, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa na haikuwa jibu. Dawa za baadaye zinazofika kwenye ubongo ziliweza kuirudisha haya na huruma pamoja na usingizi wa usiku. Anayeshikilia kwamba nafsi ni kitu kingine kabisa itabidi akubali kwamba karibu kila alichokuwa akiita nafsi kinaweza kuharibiwa na kutengenezwa kwa njia ya mwili, na kilichobaki kwake hakina tena sura ya mtu.

Hapa linakuja pingamizi ambalo msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kulitoa kwa sauti, nami nalichukulia kwa uzito mkubwa kuliko mapingamizi ya wanafalsafa. Wale waliotuambia kwamba akili ni nyama ndio waliokuja kutupima vichwa. Katika miaka ya ukoloni wa Kijerumani mafuvu yalichimbwa makaburini na kuchukuliwa kwenye viwanja vya vita na vya kunyongea. Mkusanyiko uliobaki Berlin wa mafuvu kutoka Afrika Mashariki peke yake una zaidi ya 1,100. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa Machi 1900, na wajukuu zake wamekuwa wakikitafuta kichwa chake hadi karne hii. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilirudi Kalenga mwaka 1954. Katika Nairobi ya miaka ya 1930, F. W. Vint alipima uzito wa bongo za Waafrika na unene wa tabaka la juu la bongo hizo, na matokeo yake yakatumiwa na walowezi kudai kwamba Mwafrika haelimiki. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, kilichomlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Je, nadharia inayosema fahamu ni ya mwili si mtoto wa nyumba hiyo?

Si mtoto wake, na sababu iko ndani ya makosa yao wenyewe. Watu wale walipima mafiga wakidhani wanaupima moto. Fuvu ni chombo. Uzito wa ubongo uliopoa mezani ni uzito wa kitu ambacho mchakato wake umekwisha. Fahamu kama mchakato haionekani katika ukubwa wa chombo, kama vile huwezi kujua kilichopikwa kwa kupima kipenyo cha sufuria. Zaidi ya hapo, waliufunga mwili ndani ya ngozi. Hawakuhesabu njaa, malaria ya utotoni, shule zilizonyimwa watu, hofu ya kiboko, vitu ambavyo vyote ni vya mwili na vyote huacha alama kwenye ubongo unaoishi. Carothers alipoona mtu mkimya mbele ya daktari wa Kizungu, alitafuta sababu nyuma ya paji la uso, na sababu ilikuwa imekaa mbele ya mgonjwa, kwenye kiti. Kwa hiyo kosa lao halikuwa kwamba waliichukulia akili kuwa ya mwili. Waliichukulia kuwa kitu, kikiwa na kipimo kimoja, cha kurithiwa na kisichobadilika, na hivyo wakairudisha ile nadharia ya kitu kilichotua kichwani, safari hii bila mabawa. Wahudumu wa Lutindi, kwa imani yao yote katika roho, walikuwa karibu zaidi na ukweli wa kimwili walipoangalia saa za kulala na za kula, kazi, na mtu aliyekaa karibu na mgonjwa.

Pingamizi la pili ni la wanafalsafa. Wanasema: kubali yote, kwamba mvuke unazima, kimelea kinageuza tabia, kidonge kinarudisha. Umeonyesha kwamba fahamu inategemea mwili, hujaonyesha kwamba ni mchakato wa mwili. Redio nayo hunyamaza ukikata waya, na mtangazaji hayumo ndani yake. Mwaka 1974 Thomas Nagel aliuliza kuwa popo kukoje, akitaka kuonyesha kwamba ukijua kila kitu juu ya mwili wa popo bado hujui yeye anavyohisi, na katika miaka ya 1990 David Chalmers akaliita hilo tatizo gumu la fahamu. Hata katika uwanja wa kifafa wenyewe yuko shahidi mkubwa upande huo. Wilder Penfield wa Montreal aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, akagusa ubongo kwa umeme mdogo, nao wakasikia nyimbo, wakakumbuka barabara za utotoni. Alifanya hivyo kwa miongo kadhaa, na mwaka 1975, karibu na kufa kwake, aliandika kwamba yeye mwenyewe ameishia kuamini kuwa akili ni kitu tofauti na ubongo, kwa sababu hakupata mahali ambapo umeme ulimfanya mgonjwa aamue au aamini.

Namheshimu Penfield, lakini nadhani kazi yake iliishinda hukumu yake. Mfano wa redio ungesimama kama uharibifu wa ubongo ungeleta ukimya au mikwaruzo tu. Waya ukilegea, redio haimfanyi mtangazaji asahau jina la mkewe huku akiendelea kusoma habari vizuri, wala haimfanyi aache kuona haya. Kifafa kinachoanzia pembeni mwa ubongo huleta, kabla ya kuanguka, harufu ambayo haipo, au hofu isiyo na sababu, au hisia kwamba mahali pageni pamewahi kutembelewa, na daktari akijua degedege ilipoanzia anaweza mara nyingi kukisia ni lipi kati ya hayo mgonjwa atalisimulia. Yaani maelezo ya kimwili hayaishii kwenye kuwaka na kuzimika. Yanaanza kugusa kilichomo ndani ya tajiriba yenyewe. Hans Berger wa Jena, wa kwanza kuchapisha michoro ya umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1929, alianza kazi hiyo akitafuta nguvu ya nafsi inayoweza kusafiri kutoka mtu hadi mtu. Alichokipata ni mawimbi yanayobadilika mtu akifumba macho, akisinzia, akipatwa na degedege. Linabaki swali la mwisho, kwa nini kuwe na hisia yoyote badala ya giza tupu, na silidharau. Ila roho hailijibu pia. Anayesema tunahisi kwa kuwa tuna kitu kinachohisi amelisukuma swali chumba cha pili na kufunga mlango. Maelezo ya mwili angalau yanatuambia pa kuangalia kesho.

Wapo wasomaji, Gare na kwingineko, watakaoona kwamba hoja hii inawanyang'anya imani. Sioni hivyo. Wakristo na Waislamu wote hukiri ufufuo wa mwili, si kuelea milele kwa kivuli kisicho na mwili, na Thomas wa Akwino alifundisha katika karne ya 13 kwamba roho ni umbo la mwili ulio hai wala si mpangaji aliyejificha ndani yake. Imani iliyokubali kwamba binadamu aliumbwa kwa udongo haina sababu ya kuogopa udongo huo ukifikiri.

Gharama ya kuikataa hoja hii ndiyo inayonitia uchungu. Huko Haydom, wilayani Mbulu, watafiti wameonyesha katika karne hii kwamba kifafa cha watu wengi kinaambatana na malengelenge ya tegu wa nguruwe yaliyokaa kwenye ubongo. Mayai ya mnyoo huyo hutoka katika kinyesi cha mtu, huingia mwilini kwa mikono na mboga zisizooshwa, na nguruwe huyapata anapoachiwa kuzurura penye vyoo visivyofunikwa. Mtoto akianguka ghafla shuleni, macho yakageuka, kiti kikapinduka, wapo bado wanaorudi nyuma wakiogopa povu, na wapo wanaokwenda kumtafuta aliyemroga. Sababu huenda ni shimo lisilo na mfuniko nyuma ya nyumba ya jirani, nguruwe aliyelegezwa kamba, na bakuli la mchicha lililosuuzwa kwa maji machache. Mtoto atakapozinduka atauliza yuko wapi, na anayepaswa kuwa karibu yake ni mtu aliyemlaza ubavu, akamtoa kwenye moto, na anayejua njia ya zahanati.